Picha ya Babu na Mbwa Wake: Namna ya Kuisoma na Kuieleza kwa Kiswahili

Katika makusanyo ya picha za kale zimo nyingi za watu wa kazi za mikono, ambao maisha yao hayakuandikwa na mtu yeyote kwa urefu. Miongoni mwa hizo iko aina moja ionekanayo mara kwa mara: mwanamume amesimama au ameketi, amevaa nguo zake za sikukuu, na kando ya mguu wake yuko mbwa. Jamaa walioirithi husema, "Huyu ni babu na mbwa wake," kisha husita, kwa kuwa hawajui zaidi. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi picha ya namna hiyo iwezavyo kusomwa kama hati, na jinsi maelezo yake yapaswavyo kuandikwa kwa Kiswahili ili yasizidi yale yanayojulikana wala yasipungue.

Mfano wetu twautoa Uingereza ya kaskazini, katika majimbo ya Durham na Northumberland, tangu katikati ya karne ya 19 hata vita vya mwaka 1914. Nchi hiyo ilikuwa nchi ya makaa ya mawe. Mwaka 1913 Uingereza, pamoja na Scotland na Wales, ilikuwa na wachimba makaa zaidi ya milioni 1, na makaa waliyotoa yalikuwa kiasi cha tani milioni 287. Tena huko mbwa alikuwa na nafasi yake mahsusi katika nyumba ya mchimbaji, nafasi ambayo mtazamaji wa leo, hasa wa nchi nyingine, hawezi kuikisia kwa kuitazama picha tu.

I. Ushahidi wa maandishi na mpaka wake

Yafaa kwanza tujue maandishi yatupa nini. Serikali ya Uingereza imehesabu watu kila miaka 10 tangu mwaka 1801, ila mwaka 1941 kwa sababu ya vita. Tangu mwaka 1841 majina ya watu wote yaliandikwa nyumba kwa nyumba, na tangu mwaka 1851 daftari hutaja pia uhusiano wa kila mtu na mkuu wa nyumba, na mahali alipozaliwa. Daftari za serikali za kuzaliwa, kuoa na kufa zilianza mwaka 1837. Kwa hiyo mchimba makaa wa Durham si mtu asiye na maandishi kabisa: twaweza kujua umri wake, mkewe, watoto wake, na kama alikuwa mkata makaa au msukuma magari ya shimoni.

Lakini maandishi hayo yote aliyaandika karani. Yeye mwenyewe hakuulizwa apenda nini, wala ajivunia nini. Sensa huhesabu watu walio nyumbani, na mbwa aliyelala mbele ya meko hakuandikwa. Picha ndiyo hati ambayo mchimbaji alishiriki kuitunga: yeye alichagua nguo, yeye alichagua siku, naye ndiye aliyekubali mbwa awemo. Hapa ndipo ilipo thamani yake, na ndiyo sababu kuieleza kwa uzembe ni hasara isiyolipika.

II. Kitu chenyewe

Kabla ya kuitazama sura ya mtu, tukitazame kitu kilichobeba sura hiyo, maana chenyewe chatoa ushahidi wa wakati.

Picha za bati zilipewa hati ya ubunifu Marekani mwaka 1856. Ijapokuwa huitwa za bati, kwa hakika ni chuma chembamba kilichopakwa rangi nyeusi, na sumaku hukishika. Picha ya namna hii haikupitia kioo cha kutolea nakala. Ilipigwa juu ya chuma kile kile, na kwa hiyo imegeuka kama sura katika kioo cha kujitazamia. Kilichokuwa kulia huonekana kushoto. Njia ya kuhakikisha ni kutazama vifungo: koti la mwanamume huwa na vifungo upande wake wa kulia, na katika picha ya bati huonekana vimehamia kushoto. Mtu aandikaye kwamba babu alikuwa wa shoto, kwa kuwa ameishika kamba ya mbwa kwa mkono wa kushoto, huenda amedanganywa na bati.

Picha za karatasi zilizobandikwa juu ya kadi zina asili nyingine. Mwaka 1854 Disdéri wa Paris alipata hati ya ubunifu wa picha ndogo zilizoitwa kadi za ziara, ambazo kadi yake ni kiasi cha sentimita 10 kwa 6½. Kadi kubwa zaidi, kiasi cha sentimita 16½ kwa 11, zilienea baada ya mwaka 1866. Karatasi zake mara nyingi zilipakwa ute wa yai, na hii ndiyo sababu picha hizo zimegeuka rangi ya kahawia na manjano. Nyuma ya kadi huwa pamechapwa jina la mpiga picha na mtaa wake. Jina hilo likilinganishwa na vitabu vya wafanya biashara wa mji, ambavyo vilichapwa mara kwa mara, laweza kutupa miaka ambayo studio ile ilikuwa mahali pale.

Baadaye zikaja postikadi. Mwaka 1902 Posta ya Uingereza iliruhusu salamu na anwani ziandikwe upande mmoja wa kadi, na upande wa pili ukaachwa kwa picha peke yake. Basi wapiga picha wa kutembea wakaenda vijijini, wakawapiga watu picha mbele ya milango yao. Kadi ikiwa na mahali pa stempu palipochapwa nusu peni, ilitengenezwa kabla ya kupanda kwa ada katika mwezi wa Juni 1918, ijapokuwa kadi kuukuu ziliweza kutumika baadaye.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni muda wa kupiga picha, nalo lamhusu mbwa zaidi kuliko mtu. Njia ya kolodioni, aliyoitangaza Frederick Scott Archer mwaka 1851, ilitaka kioo kipakwe dawa, kipigwe na kusafishwa kingali kibichi, na mtu akae kimya kwa sekunde kadhaa. Mwaka 1871 Richard Leach Maddox alieleza njia ya jelatini, na mwishoni mwa miaka ya 1870 vioo vikavu viliuzwa tayari madukani. Hapo muda ukafupika hata ukawa sehemu ya sekunde. Mtu aweza kuambiwa atulie. Mbwa haambiliki vivyo hivyo. Kwa hiyo katika picha za zamani zaidi mara nyingi mwili wa mbwa huonekana wazi na mkia wake huonekana kama moshi. Mbwa akionekana wazi tangu pua hata mkia katika picha ya kolodioni, basi ama alilala, ama alishikwa, ama alizoea kumtii aliyekuwa kando yake. Mkono wa mtu uliowekwa juu ya shingo ya mbwa huenda ni mapenzi, na huenda ni kazi ya kumtuliza. Mara nyingi ni yote mawili.

III. Mtu

Mchimbaji katika picha hizi huwa safi. Amevaa koti, kizibao na kola, na pengine mkufu wa saa. Mtazamaji aweza kudhani kwamba huyu hakuwa mtu wa kazi ngumu. Dhana hiyo si sahihi. Picha ilikuwa jambo la gharama na la nadra, na mtu aliiendea kama aendeavyo harusi. Tena usafi wenyewe una habari yake. Mabafu ya kuogea shimoni yalianza kuenea baada ya sheria ya mwaka 1926. Kabla ya hapo mchimbaji alirudi nyumbani na masizi yake, akaoga katika pipa mbele ya meko kwa maji yaliyochotwa na kuchemshwa na mkewe au mama yake. Kola nyeupe katika picha ni ushahidi wa kazi ya mwanamke ambaye hamo katika picha, na mwenye kuieleza picha vema hamsahau.

Kama picha imepigwa mbele ya mlango, nyumba yenyewe yafaa itazamwe. Katika majimbo haya nyumba nyingi zilikuwa mali ya wenye mashimo, zimejengwa kwa safu, na mkata makaa mwenye mke alipewa nyumba kuwa sehemu ya malipo yake. Nambari ya mlango ikisomeka, yaweza kulinganishwa na daftari la sensa, na pengine jina lililopotea likapatikana hapo.

IV. Mbwa

Sasa tumwangalie mbwa, ambaye wengi humpita kana kwamba ni pambo.

Kuwa na mbwa Uingereza hakukuwa bure. Kodi ya mbwa ilianza mwaka 1796. Mwaka 1867 ikawekwa leseni ya shilingi 5 kwa kila mbwa kwa mwaka, na mwaka 1878 ikapandishwa kuwa shilingi 7 na peni 6. Watoto wa mbwa walio chini ya miezi 6, na mbwa wa kuchungia kondoo na ng'ombe, walisamehewa. Ada hiyo haikuongezwa tena kwa zaidi ya miaka 100, na leseni ikafutwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Lakini kwa mtu aliyelipwa kwa kazi ya zamu katika karne ya 19, shilingi 7 na peni 6 hazikuwa fedha za kuchezea. Mchimbaji hakuwa na msamaha wa mchungaji: ama alilipa, ama alikwepa. Kwa njia zote mbili, mbwa wake hakuwapo nyumbani kwa bahati tu.

Kwa nini basi alimfuga? Sababu zilikuwa nyingi. Moja ni mashindano ya mbio. Mbwa aitwaye whippet, mwembamba, mwenye kifua kirefu na manyoya mafupi, alipendwa sana na wachimbaji wa kaskazini, hata akaitwa farasi wa mbio wa maskini. Uwanja ulikuwa na urefu wa yadi 200 hivi, yaani mita 180 na kidogo. Mtu mmoja alimshika mbwa mwanzoni mwa uwanja, na mwenyewe akasimama mwishoni, akipunga kitambaa na kumwita kwa sauti kuu. Mbwa hakumfuata sungura. Alimkimbilia bwana wake. Kwa hiyo kitambaa kinachoonekana mkononi mwa mtu katika picha ya whippet kisidhaniwe mara moja kuwa ni leso ya kufutia jasho. Yawezekana ndicho chombo cha mashindano, na ya kuwa mtu na mbwa wamesimama hapo kama washirika wa ushindi. Aidha, mbwa akionekana amefunikwa nguo mgongoni, si mzaha wa mpiga picha: mnyama huyu huumizwa na baridi, na wenyewe walimvika.

Sababu ya pili ni kitoweo. Mbwa mwepesi aliweza kukamata sungura, na sungura aliweza kuwa chakula cha watoto. Lakini ardhi ilikuwa na wenyewe. Sheria ya mwaka 1828 iliadhibu uwindaji wa siri wa usiku, na sheria ya mwaka 1862 iliwapa polisi uwezo wa kumsimamisha na kumpekua njiani mtu waliyemshuku kuwa ametoka kuwinda katika ardhi ya mwingine. Mbwa yule yule aliyekuwa fahari ya nyumba aliweza kumtia bwana wake mashakani. Picha haitatuambia kama babu alikuwa mwindaji wa siri. Lakini tukijua sheria hizo, twafahamu kwa nini habari nyingine za mbwa zilinong'onwa tu katika jamaa, na kwa nini hazikuandikwa nyuma ya picha.

Sababu ya tatu ni ufugaji wenyewe, kama sanaa. Kijiji cha Bedlington katika Northumberland kimempa jina lake mbwa mdogo mwenye manyoya kama ya mwana kondoo, aliyelelewa na watu wa mashimo na wa viwanda. Maonyesho ya mbwa ya Newcastle upon Tyne ya mwaka 1859 hutajwa kuwa ya kwanza ya aina yake, na mwaka 1873 kikaundwa chama cha kusimamia nasaba za mbwa, Kennel Club. Mtu ambaye hakuwa na ardhi wala nyumba yake mwenyewe aliweza kuwa na mnyama ambaye nasaba yake aliijua vizazi kadhaa, na akaheshimiwa kwa ujuzi huo.

Hapa yafaa kumkumbusha msomaji wa pwani yetu jambo moja. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, mbwa ni najisi, ijapokuwa wa kuwinda na wa kulinda wana ruhusa yao. Kwa hiyo jicho letu laweza kumwona mbwa aliyeegemea goti la mtu kuwa ni dalili ya utovu wa adabu, au ya kutojali. Jicho hilo si la watu waliomo pichani. Na hata katika mapokeo yetu, vijana wa pangoni, ambao habari zao zimo katika Sura ya Kahf, hutajwa idadi yao pamoja na mbwa wao. Kumhesabu mbwa pamoja na watu si jambo geni kabisa kwetu.

V. Lugha ya maelezo

Tukisha kuisoma picha, twataka kuiandikia maelezo. Na hapa Kiswahili chatutaka tuwe na hadhari.

Kwanza, maneno "picha ya babu" yana maana tatu. Yaweza kuwa picha imwonyeshayo babu, au picha aliyoipiga babu, au picha iliyokuwa mali ya babu. Katika mazungumzo hali ya mambo hutufafanulia. Katika daftari la makusanyo, miaka 50 baadaye, haitakuwapo hali hiyo. Basi tuandike "imwonyeshayo", "iliyopigwa na", au "iliyokuwa ya", na kila moja itakaa mahali pake.

Pili, kitendo cha kupiga picha. Watu husema "tulipiga picha studio" wakiwa na maana kwamba walipigwa. Matumizi hayo ni ya kawaida na hayana aibu, bali katika maelezo ya hati hayafai. "Babu alipiga picha mwaka 1905" huweza kumfanya mchimbaji kuwa mpiga picha. Tuseme "alipigwa picha".

Tatu, "mbwa wake". Neno hili ladai umiliki, na umiliki hauonekani kwa macho. Mbwa aweza kuwa wa jirani, wa ndugu, au wa mwenye studio. Aidha, halionyeshi idadi: katika wingi wengine husema "mbwa zake" na wengine husema "mbwa wake" vile vile. Kwa hiyo tuanze na "mwanamume mmoja na mbwa mmoja", na tungojee ushahidi ndipo tuseme "wake".

Nne, jina la kazi. Wapo wafasiri wapendao kumwita kila mtu wa kazi za mikono "kibarua". Neno hilo latokana na barua, yaani kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku kwa siku, nalo lina historia yake katika nchi zetu. Mkata makaa wa Durham hakuwa hivyo. Mpaka mwaka 1872 wachimbaji wa huko walifungwa kwa mkataba, na chama chao, kilichoanzishwa mwaka 1869, kilikuwa miongoni mwa waliopigana uondolewe. Kumwita kibarua ni kumfutia historia hiyo. "Mchimba makaa" latosha, na kama sensa yasema "mkata makaa", tuandike hivyo.

Tano, neno "babu". Kwetu laweza kuwa mzaa baba, mzaa mama, au mzee yeyote wa ukoo. Picha ya mwaka 1880 iliyo mikononi mwa kilembwe haiwezi kuelezwa kwa neno hilo peke yake. Tutaje daraja: babu mzaa mama, baba wa babu mzaa baba, na kadhalika.

Katika haya yote kanuni ni moja: tutenge kinachoonekana, kilichoandikwa na kinachosimuliwa. Masimulizi si ya kudharauliwa. Mara nyingi jina la mbwa halipatikani ila humo. Lakini yatakiwa yawe na isnadi yake: nani amesema, na yeye alisikia kwa nani. Kadhalika na rangi. Vioo vya zamani viliiona buluu karibu na nyeupe, na nyekundu karibu na nyeusi. Siku hizi picha hutiwa rangi kwa kompyuta, na mbwa mwekundu huweza kutoka mweusi. Nakala ya namna hiyo yaweza kupendeza ukutani, lakini si ushahidi, na isiwekwe mahali pa picha ya asili.

VI. Mfano

Tutunge sasa maelezo ya picha ya kubuni, yafuatayo kanuni hizi:

"Picha ya karatasi yenye ute wa yai, imebandikwa juu ya kadi ya sentimita 10 kwa 6½. Mwanamume mmoja wa makamo ameketi, kofia gotini. Kushoto kwa mtazamaji ameketi mbwa mmoja mwembamba mwenye manyoya mafupi. Mkono wa mwanamume u juu ya shingo yake. Mkia wa mbwa haukutulia. Nyuma: jina la studio na la mtaa, hapana jina la mtu. Kwa masimulizi ya mjukuu wa kike, aliyesikia kwa mama yake: mwanamume ni mkata makaa, babu yake mzaa mama, mbwa alikuwa wake, na alishindana mbio. Jina la mbwa halikupokewa."

Maelezo haya si marefu, wala hayana mapambo. Lakini mtafiti ajaye ataweza kujua ni lipi la kuamini kwa macho yake na ni lipi la kuamini kwa ulimi wa mtu. Na kama siku moja jina la mbwa litapatikana katika barua au katika tangazo la mashindano, pako mahali pa kulitia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye picha za namna hii, hapa kwetu au ng'ambo, wangefanya vema kuwauliza wazee wao wakingali hai, na kuandika majibu nyuma ya picha ya karatasi kwa penseli laini, pasipo kukandamiza. Au, ikiwa picha ni ya bati, juu ya bahasha yake. Waulize jina la mtu, na wasione haya kuuliza jina la mbwa pia, kwa kuwa mwenyewe ndiye aliyetaka awemo.